Jinsi ya Kuanzisha Kijiji cha Quebec na Kukipa Jina Refu

Ukifungua ramani ya jimbo la Quebec nchini Kanada, utadhani umeshika litania ya watakatifu wote. Saint-Zotique, Saint-Télesphore, Sainte-Perpétue, Saint-Pamphile, Saint-Herménégilde, Notre-Dame-du-Bon-Conseil. Vijiji vingine vina wakazi mia chache tu, lakini jina halitoshi kwenye kibao cha barabarani. Wageni hucheka, wanapiga picha, wanaendelea na safari.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki. Utakufundisha kuanzisha kijiji cha namna hiyo kuanzia mwanzo, kana kwamba mwaka ni 1860 na shoka liko mkononi mwako. Fuata hatua kwa mpangilio. Anayeanza na jina ameanzia mwisho, kwa sababu katika vijiji hivi jina lilikuja baada ya jasho, na kila kipande chake kililipiwa na watu waliokuwa hawana kitu.

Mahitaji

Shoka moja zuri. Jozi ya maksai. Watoto wengi, na wengine njiani. Uvumilivu wa inzi weusi wa mwezi Juni, ambao hung'ata hadi damu itoke. Majirani wasiopungua kaya kadhaa, hata kama hampatani. Na askofu. Vingine vyote vinaweza kuazimwa, askofu haazimwi.

Hatua ya 1: Kosa ardhi

Hakuna anayeingia msituni kwa kupenda baridi. Wakati wa utawala wa Ufaransa, mashamba yalikatwa vipande vyembamba na virefu vilivyoanzia ukingoni mwa mto Saint-Laurent na kuingia bara, kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara na kila mtu alitaka mlango wa kutokea. Shamba la kawaida lilikuwa na upana wa mita 170 hivi na urefu unaozidi kilomita moja na nusu. Baba akigawa kwa wanawe, nao wakigawa kwa wao, mwisho mjukuu anarithi ujia. Kufikia karne ya 19 kingo za mto zilikuwa zimejaa.

Hapo utakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kusini, Marekani, kwenye viwanda vya nguo vya New England. Kati ya 1840 na 1930 Wakanada wapatao 900,000 wenye kuzungumza Kifaransa waliifuata njia hiyo. Ya pili ni kwenda ndani, kwenye misitu ya milimani. Maaskofu na mapadre waliona kwamba njia ya kwanza ingewanyang'anya watu wao lugha na imani kwa pamoja, wakafanya kufungua ardhi kuwa utume wa Kanisa.

Ikiwezekana, mpate paroko kama Antoine Labelle, aliyeshika parokia ya Saint-Jérôme mwaka 1868. Alitaka reli ifike kaskazini ili walowezi wapate soko. Januari 1872, Montreal ikiwa na uhaba wa kuni katikati ya majira ya baridi, aliongoza msafara wa sledi 80 hivi zilizosheheni kuni kwenda kwa maskini wa jiji hilo. Wenye mamlaka waliona kwa macho yao kile ambacho kaskazini ingeweza kuleta, na mwaka 1876 treni ilifika Saint-Jérôme. Mwaka 1888 serikali ya jimbo ya Honoré Mercier ilimpa cheo kikubwa katika wizara ya kilimo na ulowezi. Mji mmoja wa milimani leo unaitwa Labelle.

Hatua ya 2: Pata kigango kabla ya kijiji

Ukishakata miti, ukachoma visiki na kuuza majivu yake kwa watengeneza potashi ili upate senti za kwanza, tazama ulikosimama. Hujaona kijiji, na hutakiona. Nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya njia, kila moja mbele ya shamba lake, na nyuma yake mstari mwingine kama huo. Wenyeji huuita mstari huo rang. Jirani yuko mita mia mbili, duka haliko popote.

Kinachogeuza mistari kuwa kijiji ni kanisa. Kanisa likisimama, mhunzi hujenga karibu, kwa kuwa farasi watakuja Jumapili. Mwenye duka humfuata mhunzi, mthibitishaji hati humfuata mwenye duka, na mjane aliyewaachia wanawe shamba hununua kijumba mkabala na mlango wa kanisa. Kwa hiyo anza na kanisa dogo la magogo, kigango hasa, ambako padre atakuja mara chache kwa mwaka.

Mkishaongezeka, andikeni ombi kwa askofu. Atamtuma mjumbe. Tangazo litasomwa hadharani siku za ibada, wenye kupinga watasikilizwa, mipaka itaandikwa, na mjumbe atarudi na ripoti. Askofu akiridhika atatoa hati ya kuiunda parokia kikanisa, kisha mtaomba serikali iitambue kisheria. Si utaratibu wa jana. François de Laval, aliyekuja kuliongoza Kanisa la huko tangu 1659, alianza na parokia za kuhesabika, na mwaka 1721 na 1722 mipaka ya parokia za koloni lote ilichorwa rasmi baada ya watu kuulizwa parokia kwa parokia.

Jiandae pia kutoa zaka. Kule ilikuwa sehemu 1 kati ya 26 ya nafaka. Waingereza waliitwaa nchi mwaka 1760, lakini kwa sheria ya mwaka 1774 waliwaruhusu mapadre kuendelea kuidai kwa waumini wao. Mkulima alinung'unika na akalipa, maana bila paroko hakuna parokia, na bila parokia angekuwa mtu wa msituni tu.

Hatua ya 3: Gombaneni kuhusu mahali pa kanisa

Msiiruke hatua hii. Kila mstari wa mashamba utataka kanisa kwake, na kila mmoja utakuwa na haki. Kuwa karibu na kanisa ni kupanda kwa thamani ya shamba. Pia ni kupunguza safari ya sledi asubuhi ya Januari, mtoto mchanga akiwa amefungwa blanketi kwenda kubatizwa. Watu waliandikiana mashtaka, wakamwandikia askofu barua za kushindana, na wengine waliomba wahamishiwe parokia ya jirani.

Uamuzi ukishatolewa, anzeni kubeba mawe. Parokia kadhaa, Trois-Pistoles ikiwemo, zina hadithi moja inayosimuliwa kwa namna mbalimbali. Kazi ilikuwa nzito mno, akatokea farasi mwenye nguvu zisizo za kawaida, na paroko akawaonya watu wasimvue hatamu. Farasi akavuta mawe siku nzima bila kuchoka. Mtu mmoja akamwonea huruma, akamvua hatamu ili anywe maji, na farasi akatoweka kwa kishindo, maana alikuwa shetani aliyelazimishwa kulijenga kanisa. Anayeisikia hadithi hiyo asiwaze shetani tu. Awaze uzito wa mawe, na watu ambao walipotazama ukuta waliokwisha kuujenga hawakuamini kwamba ni wao.

Hatua ya 4: Chagua somo

Sasa mnaweza kuzungumzia jina. Parokia huwekwa chini ya somo wake, mtakatifu atakayeiombea, na neno la mwisho ni la askofu. Hata hivyo watu wana njia zao za kupendekeza. Ya kawaida ni kumheshimu mtu aliye hai kupitia jina lake la ubatizo. Mwenye ardhi, padre wa kwanza au mfadhili aliyetoa kiwanja hawezi kuitwa mtakatifu, ila mtakatifu wa jina lake anaweza kuitwa. Saint-Hyacinthe ilipewa jina kwa sababu ya Jacques-Hyacinthe-Simon Delorme, mwenye ardhi. Sainte-Thérèse inamkumbuka Marie-Thérèse Dugué de Boisbriand. Hivyo binadamu anashukuriwa, na sifa inakwenda kwa wa mbinguni.

Shida itaanza pale ambapo Yosefu, Petro, Yohane na Anna watakuwa wamekwisha kuchukuliwa mara nyingi. Fungueni kalenda ya watakatifu, mwende hadi kurasa ambazo hazifunguliwi. Katika pembe ya kusini-magharibi ya jimbo, vijiji vitatu vya eneo moja vinaitwa Saint-Polycarpe, Saint-Télesphore na Saint-Zotique: askofu wa Smirna, papa wa karne ya 2 na shahidi wa karne za mwanzo. Wakulima wa shayiri na viazi waliwapa nyumba mashahidi ambao Ulaya yenyewe ilikuwa imeanza kuwasahau. Tito, mwenzake Mtume Paulo, alipata Saint-Tite, ambako tangu 1967 watu humiminika kutazama mashindano ya wapanda farasi.

Msiogope jina geni. Baada ya kizazi kimoja halitakuwa geni tena, maana litakuwa kwenye jiwe la kaburi la bibi.

Hatua ya 5: Ongeza mkia

Mtakatifu peke yake hatoshi, barua zitapotea. Hebu fikiria Mtakatifu Anna, mama wa Bikira Maria, anayependwa mno na watu wa huko. Kuna Sainte-Anne-de-Beaupré, yenye hija maarufu, ambako kanisa la kwanza lilianza kujengwa 1658. Kuna Sainte-Anne-de-la-Pocatière, Sainte-Anne-de-la-Pérade, Sainte-Anne-de-Bellevue, Sainte-Anne-des-Plaines na Sainte-Anne-des-Monts. Mkia ndio unaomwambia tarishi aelekee wapi. Unaweza kuuchukua kutoka kwa bwana wa zamani wa ardhi, mto, mlima, uwanda au upande wa dira.

Mkia wenye historia nzito zaidi hutoka kwenye ramani ya Waingereza. Tangu mwaka 1792 serikali yao iligawa ardhi za ndani kwa vitongoji vya mraba na kuvipa majina ya kwao, kama Bolton, Clifton na Suffolk. Wakulima wa Kifaransa walipoingia humo katika karne ya 19, hawakulifuta jina la Kiingereza. Walimtanguliza mtakatifu mbele yake, na leo tuna Saint-Étienne-de-Bolton, Sainte-Edwidge-de-Clifton na Saint-Émile-de-Suffolk. Soma majina hayo polepole na utasikia dola mbili zikikaa meza moja: mtawala aliyechora ramani, na mlimaji aliyekaa ndani yake.

Mkia mashuhuri kuliko yote uko eneo la Témiscouata, katika kijiji cha Saint-Louis-du-Ha! Ha!, chenye alama mbili za mshangao ndani ya jina lake rasmi. Si kicheko. Katika Kifaransa cha kale, haha ni kizuizi kinachomtokea msafiri ghafla. Njia ya kubebea mizigo kutoka Saint-Laurent ilipita huko, na mwaka 1783 ilifanywa barabara ili kuunganisha mto huo na ziwa Témiscouata. Aliyekuwa amebeba mzigo begani, akaona mbele yake ziwa refu pale alipotarajia ardhi, alijua kwa nini neno hilo lilihitajika. Wageni huja kwa ajili ya alama za mshangao. Wenyeji wamehifadhi humo uchovu wa wachukuzi.

Hatua ya 6: Uliza nani alikuwepo kabla yako

Hatua hii waliotangulia waliiruka mara nyingi, na wewe usiiruke. Msitu ule haukuwa mtupu. Kamouraska, Rimouski, Témiscouata na Péribonka ni majina ya wenyeji wa asili, na waliyaweka kwa sababu waliishi, waliwinda na kuvua mahali hapo. Mtakatifu alipowasili aliwekwa mbele, jina lao likageuka mkia.

Mfano mmoja wa ardhi iliyokuwa na wenyewe ni Viger. Mwaka 1827 Wawolastoqiyik, wenyeji wa asili, walitengewa ardhi huko, nyuma ya L'Isle-Verte. Walowezi waliitamani, na mwaka 1869 ardhi hiyo ilichukuliwa ili igawiwe wakulima. Parokia zikaota juu yake, mojawapo Saint-François-Xavier-de-Viger. Kwa hiyo unapolisifu jina refu kwa kuhifadhi kumbukumbu, lisome lote. Ukilisoma nusu utajua nani alijenga kanisa, lakini hutajua nani aliondolewa ili lijengwe.

Hatua ya 7: Fungua daftari

Parokia ikishaundwa, paroko hufungua daftari la ubatizo, ndoa na maziko, kwa nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya mahakama. Daftari hilo si la sakristia tu. Huko Quebec madaftari ya kanisa yalikuwa pia kumbukumbu za kiserikali hadi mwisho wa 1993. Ndiyo sababu mjukuu wa mkulima asiyejua kusoma anaweza leo kupanda ukoo wake hadi kwa babu aliyeshuka merikebuni katika karne ya 17. Vigogo huandikiwa historia popote duniani. Hawa wakulima waliandikwa mmoja mmoja na paroko wao.

Mwaka 1855 sheria iliweka msingi wa serikali za mitaa, nayo haikuhangaika kubuni mipaka mipya. Palipokuwa na parokia pakawa na halmashauri ya parokia, kwa jina lilelile. Subiri miaka michache na utaona ugomvi mpya. Wanaokaa jirani na kanisa watataka njia ya miguu ya mbao, maji na vifaa vya kuzimia moto. Wakulima wa mbali watauliza kwa nini walipie njia wasiyoikanyaga. Suluhisho la huko lilikuwa kutengana. Kitovu kikawa na halmashauri yake, na mashamba yanayokizunguka yakabaki na yao. Mpaka leo mji wa Trois-Pistoles umezungukwa na Notre-Dame-des-Neiges, na La Pocatière ina Sainte-Anne-de-la-Pocatière ubavuni mwake.

Posta nayo iliweza kuwa na jina lake, tofauti na la parokia. Serikali ya jimbo iliunda tume ya kushughulikia majina mwaka 1912, na Tume ya Majina ya Mahali ya sasa ilizaliwa 1977 kwa sheria ileile iliyokipa Kifaransa nguvu jimboni.

Hatua ya 8: Tumia ngazi za kanisa

Kijiji chenye jina, daftari na mipaka bado hakina uhai mpaka Misa iishe. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu ya hapa hulia kwenye ngazi za kanisa Jumapili. Watu wakitoka, mpiga mbiu hupanda mahali pa juu na kutangaza: ng'ombe aliyepotea, shamba linalouzwa, barabara inayotakiwa kutengenezwa, sheria mpya iliyotoka mjini. Asiyejua kusoma anasikia sawa na anayejua.

Mwezi Novemba, mwezi wa marehemu, hufanyika mnada wa roho. Huyu ameleta kabichi, yule nguruwe mdogo, mwingine shada la tumbaku au soksi za sufu alizofuma usiku. Mnadi anaita bei, watu wanapandishiana kwa utani, na nguruwe anauzwa kwa bei ambayo sokoni asingeipata. Aliyemnunua anaweza kumrudisha anadiwe tena. Fedha zote ni za Misa za kuwaombea marehemu wa parokia, hata wale wasioachiwa mtu wa kuwalipia. Ukitaka kujua parokia ni nini, tazama hapo: watu maskini wanaonunua kabichi kwa bei ya juu ili maiti asiye na ndugu asisahaulike.

Hatua ya 9: Usikubali kufungwa

Itafika siku mtaalamu atakuja na jedwali. Miaka ya 1960 ofisi ya mipango ya mashariki mwa Quebec ilichunguza vijiji vya bara, ikaona udongo hafifu, kipato kidogo na vijana wanaoondoka. Kilichofuata ni vijiji kumi hivi kufungwa na watu wake kuhamishiwa mijini. Saint-Octave-de-l'Avenir, kilichoanzishwa 1932 katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, kilifungwa 1971. Avenir ni wakati ujao. Waliokiita hivyo walikuwa watu wasio na kazi waliopanda mlimani na watoto wao, na walilimaanisha neno hilo. Hawakuwa wajinga. Walihesabu kile ambacho jedwali halina safu yake.

Vijiji vilivyobaki vilitumia chombo vilichokuwa nacho, yaani parokia. Mwaka 1970 watu walikusanyika Sainte-Paule, mwaka uliofuata Esprit-Saint, na mwaka 1972 Les Méchins, wakiongozwa na maparoko wao. Harakati zao ziliitwa Opérations Dignité, na hawakudai sadaka. Walidai kusimamia msitu uliowazunguka, na baadaye vikundi vya wenye misitu vikapatikana. Kule Témiscouata, vijiji vya Saint-Juste-du-Lac, Auclair na Lejeune viliunganisha herufi zao za kwanza, vikaunda ushirika wa JAL, vikaingia kwenye viazi vya mbegu na kazi za misitu. Vingali kwenye ramani.

Matunzo

Leo makanisa mengi ya vijiji hivyo yana waumini wachache Jumapili. Mengine yameuzwa, mengine yamekuwa maktaba au kumbi. Watu watakuambia kwamba kwa kuwa imani imepungua, jina lipunguzwe nalo, libaki neno moja fupi linalofaa kwenye tangazo la utalii. Kataa. Jina refu halimdai mtu aende Misa. Linadai tu atambue kwamba mahali hapa palijengwa na watu waliogombana, wakapatana, wakabeba mawe na kuandikana daftarini, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Kwa hiyo ukipita huko, usitaje kipande. Sema Sainte-Edwidge-de-Clifton yote. Sema Saint-François-Xavier-de-Viger mpaka Viger. Ulimi utazoea, na dakika utakayoipoteza ni ndogo kuliko miaka waliyoitumia wao.